Kompyuta ya Nyumbani Ikianza Kufa: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Jioni moja shemeji yangu alinipigia simu akaniambia kompyuta imekufa. Hakusema imeharibika. Alisema imekufa, na kwamba kesho yake anapanda basi kutoka hapa Arua kwenda Kampala kutafuta nyingine. Lilikuwa juma la mitihani ya mwisho wa muhula. Shemeji ni mwalimu, na kompyuta yake ya mezani, ile iliyo sebuleni karibu na televisheni, ndiyo inayochapa mitihani ya shule tatu za jirani usiku watoto wakishalala.

Nilimwomba avumilie hadi asubuhi. Tukaifunga kwenye shuka, tukaipakia kwenye bodaboda, tukaipeleka kwa kijana mmoja mwenye meza yake ubavuni mwa duka la simu. Akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, kisha pii, pii, pii, na skrini ikabaki nyeusi. Kijana hakushtuka. Alifungua ubavu wa sanduku, akachomoa kijiti cha ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akaazima ufutio wa penseli kwa muuza madaftari wa jirani, akasugua yale meno ya rangi ya dhahabu taratibu kama mwanafunzi anayefuta hesabu aliyokosea. Akapuliza, akakirudisha mahali pake, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka kikalia ta! Kompyuta ikawaka. Akataka shilingi elfu kumi za Uganda.

Ningeweza kuishia hapo na kuwaambia watu watengeneze, wasinunue. Ila miaka miwili kabla ya siku hiyo mimi mwenyewe nilimwaga chai ya maziwa juu ya kibodi ya laptopu. Ikazima. Nikaigeuza, nikaifuta kwa taulo, na baada ya robo saa nikaiwasha nione kama ingali hai. Mafundi wakisikia hapo hutikisa kichwa, maana mara nyingi kinachounguza si chai yenyewe bali umeme unaorudishwa wakati bado kuna majimaji yenye sukari ndani. Duka moja likanitoza 250,000 kwa kutengeneza madabodi, ubao mkuu wa ndani. Ikaishi miezi mitatu. Niliporudi nikaambiwa ugonjwa huu ni mwingine, kwa hiyo dhamana haipo. Nikalipa tena, na safari hiyo haikumaliza wiki mbili.

Shemeji alitaka kumzika mgonjwa wa mafua. Mimi nilikuwa namnunulia marehemu dawa. Wote wawili tulifanya uamuzi kabla ya kujua kilichougua ni kiungo gani, na kwenye kompyuta kiungo ndicho kinachoamua karibu kila kitu, bei ikiwemo.

Kwanza faili

Kabla ya swali la kutengeneza au kununua kuna swali linalotangulia: vilivyomo ndani viko salama? Fundi akiona kompyuta inasuasua, tiba ya haraka anayoijua ni kupiga fomati na kuweka Windows upya. Mara nyingi tiba hiyo inafaa kweli, maana kompyuta nyingi zinazoitwa mbovu zina virusi tu, au diski iliyojaa hadi shingoni, au programu ishirini zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Lakini fomati hufuta, na anayejua kwamba picha za harusi ya mama ziko kwenye folda iliyoandikwa "mpya 2" ni wewe, si yeye. Mwambie kwa kinywa, na ikiwezekana mwandikie: asifute kitu mpaka faili zinakiliwe.

La kutia moyo ni kwamba kompyuta kufa si lazima diski nayo iwe imekufa. Kwenye kompyuta ya mezani diski imeshikwa na skrubu nne na nyaya mbili. Ukiichomoa na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa kebo maalumu ya kugeuza diski kuwa USB, faili zote zinaonekana kama ziko kwenye flashi. Laptopu za miaka ya nyuma nazo ni hivyo hivyo. Baadhi ya laptopu mpya hazikubali. Kuna zilizolehemewa hifadhi yake moja kwa moja kwenye madabodi, za Apple za miaka ya karibuni zikiwa mfano mzuri, na kuna zinazofunga diski kwa namba za siri, kwa hiyo hata ukiichomoa haisomeki bila ufunguo wa kurejesha. Kwenye Windows ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, mashine ikiwa bado inawaka.

Kimekufa nini?

Diski ndiyo ninayoihofia zaidi. Ile ya zamani, ya kuzunguka, ina sahani za kung'aa zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika kwenye laptopu nyingi na mara 7,200 kwenye kompyuta nyingi za mezani, yaani mara 120 kila sekunde. Juu yake unapita mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea, nao hauigusi sahani. Unaelea juu yake kwa nafasi iliyo ndogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Siku kichwa kikigusa sahani, au mkono ukipoteza njia, utasikia: tik, tik, kimya, tik, tik. Ukiusikia mlio huo zima, usiendelee kuwasha na kuzima "kuona kama imepona". Kila dakika ya ziada inakula faili. Usikubali pia mtu aanze kuendesha programu za kurekebisha diski hapo hapo, kwa sababu zinailazimisha diski inayokata roho kusoma kila kona yake. Nakili kwanza vile usivyoweza kuvipata tena, vingine baadaye.

Lakini mara nyingi diski ya kuzunguka haifi bila kuaga. Ndani yake kuna daftari la afya ambalo inajiandikia yenyewe, na programu ndogo ya bure kama CrystalDiskInfo hulisoma. Usihangaike na namba zote. Tazama mistari mitatu inayohusu sekta, yaani vile vipande vidogo ambamo diski huandika: sekta zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu, sekta zinazosubiri kuhamishwa, na sekta zisizosomeka. Sifuri ndiyo unayoitaka. Namba ikiwa ndogo na haisogei, unaweza kuishi nayo huku nakala zako zikiwa kando. Ikipanda kila wiki, hiyo diski inafunga mizigo. Yule kijana wa ufutio, kabla ya kurudisha kifuniko, aliitazama diski ya shemeji kwa programu hiyo, na badala ya rangi ya buluu ikatokea ya njano. Kumbe kilichotupeleka kwake kilikuwa jambo dogo, na kubwa lilikuwa limekaa kimya.

Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ndiyo matengenezo ninayoyapendekeza kwa moyo mweupe kuliko yote. Kompyuta iliyokuwa inawaka huku unakwenda kuchota maji na kurudi, itawaka kabla hujavuta kiti. Ila nayo ina hila yake: ikifa haipigi kelele. Asubuhi ipo, jioni haionekani. Ukishaweka SSD, faili zako zikae pia mahali pengine.

Umeme ndio mshukiwa wa pili, na kwetu West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, pengine ndiye wa kwanza. Mkoa huu ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukiendeshwa na jenereta na bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5. Tuliokulia kwenye umeme wa kuja na kuondoka tunajua kwamba hatari kubwa haipo unapokatika bali unaporudi. Volti 240 za ukutani hazirudi kwa adabu. Huweza kupanda kwanza, zikashuka, ndipo zikatulia. Wa kwanza kupokea kofi hilo ni pawasaplai, lile boksi la chuma lililo nyuma ya kompyuta ya mezani, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo vitu vya ndani vinaweza kuzila. Likifa, kompyuta haitoi hata mshindo wa feni, na mwenye nayo huamini kila kitu kimeungua. Mara nyingi ni boksi hilo peke yake. Fundi mwenye boksi jingine zima mezani atalijaribisha kwa dakika tano, na usimlipe mtu anayekuambia "madabodi imeungua" kabla hajafanya hivyo. Wewe mwenyewe usilifungue. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Kwenye laptopu nafasi ya boksi hilo inashikwa na chaja, na hapa watu hupoteza laptopu nzima kwa kuokoa shilingi chache. Chaja ikisoma volti 19.5 na yako ya zamani ilisoma volti 19.5, angalia pia ampea: za chaja mpya zilingane na za zamani au zizidi, zisipungue. Kisha uipime kwa mkono. Chaja nyepesi kama kiberiti, huku ile ya zamani ilikuwa na uzito wa jiwe, ina jambo inalokuficha.

Mengine nayapita haraka. Kompyuta inayosahau tarehe kila inapozimwa, kisha tovuti zote zikalalamika kuhusu usalama, kwa kawaida inataka betri ndogo ya duara iitwayo CR2032, ile ya volti 3 inayouzwa hata kwa mafundi saa. Laptopu inayozima yenyewe baada ya dakika ishirini huku chini ikiwa moto kama pasi, inataka kusafishwa vumbi na kupakwa upya dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta, na chuma chake. Anayeishi kando ya barabara ya murram afanye hivyo baada ya kiangazi cha Desemba hadi Februari, bila kungoja dalili. Skrini ikiwa nyeusi lakini feni inalia, iunganishe na televisheni kwa kebo ya HDMI. Picha ikitokea huko, mbovu kwa kawaida ni skrini au waya wake. Kibodi yenye herufi zilizokufa inaweza kusaidiwa na kibodi ya nje ya USB. Ni aibu kidogo, lakini inafanya kazi.

Betri ya laptopu ina kipimo ambacho watu wengi hawakijui. Fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na uwezo iliobaki nao. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 19,000, umebaki na chini ya nusu, na hakuna fundi anayeweza kukutisha wala kukudanganya juu ya hilo. Lakini ukiona kile kibao cha kuelekezea mshale kimeinuka, au laptopu haikai tambarare mezani, betri imevimba. Acha kuichaji. Itolewe, na asije mtu akaitoboa kwa bisibisi ili "ipumue".

Inabaki madabodi, ule ubao mkubwa ambao vingine vyote vimekaa juu yake. Hapa ndipo pesa zangu zilipopotelea. Madabodi ikiguswa na radi, au ikimwagiwa chai, ubovu haukai mahali pamoja. Unakata njia nyembamba kuliko unywele, na kutu huendelea kutembea chini ya chipu baada ya kila kitu kuonekana kimekauka. Kuna mafundi wenye darubini na mikono ya kweli wanaoweza kutafuta saketi iliyokufa na kubadilisha kidude chenyewe. Wapo, na kazi yao ni halali yao. Lakini kuna matengenezo mengine ambayo ni kuipasha chipu moto kwa hewa ya joto mpaka ikumbuke kazi. Kompyuta inawaka mbele yako, unalipa kwa furaha, unakwenda nayo nyumbani, na baada ya wiki kadhaa inarudi gizani. Muulize fundi swali moja: umebadilisha nini, nionyeshe. Akikuonyesha kidude kilichotoka, mnaongea. Akisema "nimeipasha tu", ujue umekodi muda.

Hesabu ya mwezi

Watu wa kompyuta wana kanuni ya nusu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine, nunua. Kanuni hiyo haijanishawishi kamwe, kwa sababu haisemi nusu ya kompyuta ipi. Huku kwetu watu wengi hawanunui mpya iliyo kwenye boksi. Wananunua iliyokwisha kutumika Uingereza, au iliyopitia Dubai, ikafutwa vumbi na kuwekwa stika. Kwa hiyo ukitengeneza unalinganisha mgonjwa unayemjua na mgeni anayecheka vizuri. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ya kwako unajua ilianguka lini, chaja yake ilibadilishwa lini, na mtoto gani aliingiza sarafu kwenye tundu la pembeni.

Mimi hugawa gharama kwa miezi. Nachukua bei, nagawa kwa miezi ninayoamini kwa uaminifu kwamba mashine itanifaa, na nalinganisha. Shemeji, siku ile ya ufutio na rangi ya njano, alitajiwa bei hizi: SSD mpya 120,000, ramu ya mtumba ya kuongezea 40,000, ufundi 30,000. Jumla 190,000. Kompyuta ya mezani ya rika lile lile, ya mtumba, aliambiwa 400,000. Laptopu ya mtumba yenye umri mdogo zaidi, 900,000. Kwa kanuni ya nusu alikuwa mpakani kabisa, 190 dhidi ya 400, akawa hajui aende kulia au kushoto.

Tulipogawa, mambo yakafunguka. Tuliipa yake iliyotengenezwa mwaka mmoja na nusu: 190,000 kwa miezi 18, kama 10,500 kwa mwezi. Laptopu ya 900,000 tuliipa miaka minne: 18,750 kwa mwezi. Ile ya mezani ya 400,000 ndiyo iliyochekesha, kwani ni mashine ya umri ule ule yenye diski ya kuzunguka ambayo hakuna anayejua imezunguka saa ngapi. Kuipa zaidi ya miezi 18 kungekuwa kujidanganya, na 400,000 kwa miezi 18 inapita 22,000 kwa mwezi, kabla hata hujanunua SSD ambayo bado itaihitaji. Kwa kipimo hicho hicho, madabodi yangu ya 250,000 iliyoishi miezi mitatu ilinigharimu zaidi ya 83,000 kwa mwezi. Ningekodi kompyuta ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo mgawanyo huo haulionyeshi, nalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Spea hazifanani kwa tabia: nyingine zinahamika, nyingine zinazikwa na mashine. SSD uliyoinunua leo unaweza kuichomoa kesho na kuitia kwenye laptopu yenye nafasi yake, au ukaivika kasha la USB ikawa sanduku la kutunzia faili. Skrini ya nje, kibodi, panya na UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, vyote vinahamia kwa mrithi. Ramu ya aina ya DDR3, ile ya kompyuta za rika la shemeji, haiingii kwenye mashine za DDR4, pengo la kwenye meno yake limekaa pengine. Matengenezo ya madabodi hayahamii popote. Kwa hiyo kwa mashine kongwe mimi hulipa kwa mkono mwepesi kitu kitakachoondoka nami, nacho nikinunue kipya. Kwa kitakachozikwa nayo nanunua cha mtumba, au sinunui kabisa. Ndiyo maana SSD ya shemeji ilikuwa mpya na ramu ilikuwa ya mkono wa pili.

Ongeza umbali. Aliyeko Kampala anatoka duka hadi duka kwa miguu. Sisi spea isiyopatikana mjini inaletwa na basi la usiku, karibu kilomita 500, kwa kifurushi anachokabidhiwa kondakta. Miezi ya mwisho ya 2024, daraja la Karuma, la mto Nile kwenye njia yetu ya Kampala, lilipofungwa kwa ukarabati, mabasi yalizunguka mbali na hata kebo ya kawaida ikawa habari ya siku kadhaa. Mashine ambayo spea zake zimejaa kila meza, zile za mezani za maofisini na laptopu za kazi zilizoletwa kwa makontena, ina thamani ya ziada kwa mtu wa mbali hata kama si nzuri machoni.

Umri usioonekana

Kompyuta inaweza kuwa nzima kila kiungo na bado ikawa imezeeka, kwa sababu programu zimeikimbia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa sasisho za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha kwa nyongeza wamepewa hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haipokei kila mgeni: inataka ramu ya gigabaiti 4 au zaidi, hifadhi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, karibu zote za kabla ya kizazi cha nane zimeachwa nje.

Kizazi unakisoma kwenye jina lenyewe. Stika ikisema i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 6: kizazi cha sita. i5-8250U ni cha nane. i7-10510U, yenye tarakimu tano, unasoma mbili za mwanzo: cha kumi. Muuzaji akikuambia "Core i7 hiyo, mkubwa", usishangilie neno i7. Muulize tarakimu inayofuata, maana i7 ya kizazi cha tatu inaweza kushindwa na i5 ya kizazi cha nane, na mlango wa Windows 11 umefungwa usoni pake. Atakuambia anaweza kuilazimisha iingie. Inawezekana kweli, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa sasisho mashine iliyoingia kwa dirisha.

Prosesa ya shemeji ni i3-3220, kizazi cha tatu, ya 2012. Miezi yetu 18 hatukuitoa hewani: umri huo ndio uliotufanya tusithubutu kuipa zaidi. Tulimwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, ambayo ni ya bure, haibagui kizazi, na inapumua vizuri kwenye ramu ya gigabaiti nane aliyo nayo baada ya kuongezewa. Mtu anayetumia kompyuta kwa kuandika, intaneti, picha na filamu za watoto anaweza kuishi hivyo miaka. Anayetegemea programu fulani ya uhasibu inayotaka Windows pekee hana njia hiyo, na kwake kizazi cha prosesa ndicho kinachoamua. Asitie hata shilingi kwenye mashine ya kizazi cha tatu.

Ukiamua kununua

Ukinunua ya mtumba, nenda nayo pole pole ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Iwashe mbele ya muuzaji ikiwa imechomolewa kwenye umeme, uione betri inavyoanguka wakati mnapatana bei. Endesha ile amri ya betri. Tazama daftari la diski, hasa saa ilizofanya kazi: saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka usiku na mchana. Ingia kwenye mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka; ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani, huenda ni mali ya ofisi fulani ambayo haikufunguliwa. Funga na ufungue kifuniko mara tano huku umetega sikio kwenye bawaba. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Dhamana ya mdomo ya "miezi mitatu, bosi" iandikwe kwenye risiti, na iseme inahusu nini, maana mimi nilijifunza kwa pesa zangu kwamba ugonjwa wa pili huitwa mwingine.

Hata baada ya kutengeneza, umeme unabaki ule ule. UPS itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Betri yake nayo huchoka, kwa hiyo usidhani inakulinda miaka kumi. Wala stabilaiza haizuii radi. Mawingu yakijikusanya, chomoa waya wa ukutani, na kama intaneti yako inaingia kwa kebo, chomoa hiyo pia, kwani radi haichagui mlango.

Laptopu yangu ya chai hatimaye ilikwenda kwa yule kijana wa ufutio. Alinipa 60,000 kwa ajili ya skrini, kibodi na bawaba, baada ya mimi kubaki na diski. Betri nilimwachia kwa sharti asiitupe jalalani kunakochomwa takataka kila Jumamosi. Diski ile iko ndani ya kasha la USB kwenye kabati la shemeji, na ndiyo anayonakilia mitihani kila Ijumaa.

Yeye analalamika jambo moja tu. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, shule mbili kati ya zile tatu zimemwongezea karatasi ya Kiswahili, na programu yake mpya ya kuandikia inampigia mstari mwekundu chini ya kila neno, kutoka "Jibu maswali yote" hadi jina lake mwenyewe. Nimemwambia kuna mahali pa kuuzima. Anasema tusubiri muhula uishe.